Nani Atakuwa Spika Ajaye? Swali Linaloanzia Mkiani

Msimu wa ramli za kisiasa umekwisha kubisha hodi. Uchaguzi mkuu unatarajiwa mnamo Agosti 2027, lakini tayari vijiwe vya chai, mabweni na hata ngazi za maktaba zimejaa wapiga bao. Wakisha kumtabiri Rais na Naibu wake, ramli huhamia bungeni. Nani atakikalia kiti cha Spika wa Bunge la Taifa? Nani atapewa Seneti? Majina hutajwa, hesabu hupigwa, na kila mtabiri huwa na sababu zake. Huyu atapewa kwa kuwa ataleta kura za magharibi. Yule hana budi kupewa kwa sababu Pwani haiwezi kuachwa mikono mitupu. Wa tatu hawezi kukosa, maana kiongozi wa muungano ana deni lake.

Nimewasikiliza watabiri hawa kwa muda mrefu na, nikisema kweli, mara nyingine nimekuwa mmoja wao. Linalonishangaza si kwamba hukosea. Aghalabu hawakosei. Linalonishangaza ni kwamba katika mazungumzo yote hayo sijamsikia mtu akiuliza: huyo mtu akiisha kukikalia kiti, atafanya kazi gani, na tutajuaje kama ameifanya? Tunauliza nani, tunauliza wa wapi, tunauliza wa upande gani, kisha tunanyamaza. Madai yangu katika makala haya ni kuwa swali hili tumelianzia mkiani, na kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna fungu letu katika lawama na katika kazi ya kulirekebisha.

Nianze darasani, mahali nilikofunguka macho. Muhula mmoja nilikuwa nikisaidia kufundisha somo la tafsiri, nikawapa wanafunzi wa mwaka wa pili aya kutoka kanuni za Bunge waifasiri kutoka Kiingereza. Msichana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu nimwandike Spika au Msemaji?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikamwambia kuwa istilahi iliyozoeleka ni Spika, tukaendelea. Usiku huo nilipokuwa nikisahihisha kazi zao, swali lake likanirudia. Kicheko chetu kilikuwa cha haraka mno. Msichana yule alikuwa amegusa kiini cha jambo ambalo wapiga ramli wote hawaligusi: kama ni msemaji, basi anasema kwa niaba ya nani?

Asili ya cheo chenyewe ina jibu. Katika Bunge la Uingereza, ambako cheo hiki kilitoka, Spika aliitwa hivyo kwa sababu ndiye aliyebeba maneno ya wabunge na kuyafikisha mbele ya mfalme. Ilikuwa kazi ya hatari, maana mfalme asiyependa habari angeweza kumtia adabu mletaji. Mnamo Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia bungeni mwenyewe akitaka kuwakamata wabunge watano. Alipomuuliza Spika William Lenthall walikokuwa, Spika alipiga magoti na kujibu kwamba mahali pale hakuwa na macho ya kuona wala ulimi wa kunena ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Ulimi wake haukuwa wake. Wala haukuwa wa mfalme.

Kiswahili nacho kimetupa picha mbili ambazo tungefaa kuzitafakari. Kwanza, neno spika katika matumizi ya kila siku lina maana ya pili: chombo kinachotoa sauti katika redio na matamasha. Chombo hicho hakina maneno yake. Hutoa kile kilichotiwa. Pili, ndugu zetu wa Tanzania, walipotafuta jina la lile rungu la heshima linalotangulia Spika anapoingia bungeni, walilichukua neno siwa. Siwa, kama ajuavyo kila aliyesoma historia ya upwa wetu, ni baragumu kubwa ya fahari; zile za Pate na Lamu zimesifika mno, moja ya pembe ya ndovu na nyingine ya shaba. Siwa haikuwa ya mtu kuipuliza apendapo. Ilipulizwa katika shughuli nzito za mji, kwa idhini, na aliyeipuliza aliupulizia mji. Hiyo ndiyo maana ya kiti tunachokipigia ramli.

Sheria zetu zinakubaliana na picha hizo. Kifungu cha 106 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinaagiza kwamba kila Nyumba ya Bunge imchague Spika wake miongoni mwa watu wanaostahili kuwa wabunge lakini ambao si wabunge. Maana yake ni kuwa anayekikalia kiti hana eneo bunge la kulipendelea. Kifungu cha 122 kinaongeza kwamba anayeongoza kikao hana kura, na kura zikilingana, hoja huwa imeanguka. Ni kana kwamba watunga Katiba walimvua silaha zote za mpiganaji kabla ya kumpa kirungu cha mwamuzi. Isitoshe, kifungu cha 146 kinamfanya Spika wa Bunge la Taifa kuwa mtu wa kushika urais kwa muda endapo Rais na Naibu wake wote wawili hawapo. Hakika hiki si kiti cha kumtuza mtu aliyetusaidia kutafuta kura.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe, kwa kuwa ndiyo shahidi asiyetabiri. Mnamo Oktoba 1975 mbunge Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kulikuwa na watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Wenzake wakadai atoe ushahidi. Aliyekikalia kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney. Yeye aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Sentensi moja tu. Siku chache baadaye Shikuku na Seroney walikamatwa katika eneo la Bunge lenyewe na kuwekwa kizuizini, wakaachiliwa mwaka wa 1978 baada ya Daniel arap Moi kushika urais. Leo ukimuuliza mwanafunzi wa chuo chochote Seroney alikuwa nani, huenda akakuambia ni wa kabila fulani. Ni nadra akutajie uamuzi ule uliomgharimu uhuru wake wa miaka mitatu.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi nasi. Tarehe 15 Januari 2008, nchi ikiwa inawaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bunge la Kumi lilikutana kumchagua Spika. Pande mbili zilikuwa zimekabana koo. Ilifika duru ya tatu ya kura, na Kenneth Marende wa ODM akamshinda Francis ole Kaparo, aliyekuwa amekikalia kiti tangu mwaka wa 1993, kwa kura 105 dhidi ya 101. Wapiga ramli wa wakati huo walikuwa na hakika ya jambo moja: upande wa ODM umejipatia mtu wake.

Mambo hayakwenda hivyo. Mnamo Aprili 2009 washirika wa serikali ya muungano waligombania wadhifa wa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, upande wa Rais ukimtaka Kalonzo Musyoka na upande wa Waziri Mkuu ukimtaka Raila Odinga. Marende hakumpa yeyote. Aliamua kwamba mpaka wakubwa wapatane, yeye mwenyewe angeiongoza kamati ya shughuli za Bunge ili kazi isikwame. Chama kilichompeleka kitini hakikupata kilichokitaka. Mwezi wa Februari 2011, Rais Mwai Kibaki alipoleta majina ya Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Marende aliamua kwamba uteuzi huo haukufuata Katiba mpya. Mtu anaweza kuyapinga maamuzi hayo kwa hoja za kisheria, lakini hawezi kusema kuwa hayakuwa na uzito.

Je, sifa hiyo ilimfaa nini? Mwaka wa 2013 aliwania tena, akashindwa na Justin Muturi. Mwaka wa 2022 akajaribu mara nyingine, akapata kura 130 dhidi ya 215 za Moses Wetang'ula. Sisemi kwamba walioshinda hawakustahili. Hilo si lengo langu. Ninachosema ni kwamba katika mara zote mbili hakuna aliyepoteza usiku akisoma maamuzi ya mtu huyu kabla ya kupiga kura. Upande wenye wabunge wengi ulimpigia kura mtu wake, ikaisha. Kukitumikia kiti vyema hakukumwongezea Marende hata kura moja ya upande wa pili. Hilo ni funzo baya kwa kila atakayemfuata: kwamba uadilifu ni mapambo, na hesabu ndiyo nyama.

Mwaka wa 2022 ulilidhihirisha funzo hilo bila haya. Mkataba wa muungano wa Kenya Kwanza uliotolewa kabla ya uchaguzi ulikuwa umekwisha kuitengea Ford Kenya kiti cha Spika wa Bunge la Taifa. Wananchi hawakuwa wamemchagua hata mbunge mmoja, na tayari kiti cha kuwaongoza wabunge hao kilikuwa na mwenyewe. Wakazi wa Bungoma walimchagua Wetang'ula kuwa seneta mwezi wa Agosti. Septemba akawa Spika, na Desemba wakarudi debeni kumtafuta seneta mwingine. Ndiyo maana nilisema kwamba wapiga ramli aghalabu hawakosei. Si ramli tena. Ni kusoma stakabadhi ya deni.

Yaliyofuata tunayakumbuka. Mnamo Oktoba 2022 Spika aliamua kuwa Kenya Kwanza ndio walio wengi bungeni, ingawa orodha za vyama baada ya uchaguzi zilizua ubishi mkubwa. Mnamo Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo, ikaona pia kwamba mtu mmoja hawezi kuwa Spika na kiongozi wa chama kwa wakati mmoja. Siku chache baadaye Spika akatoa uamuzi mwingine, na upande uliotajwa kuwa wenye wengi ukawa ule ule. Mimi si mwanasheria, na sijitii katika ubishi wa mawakili. Ila nilipokuwa mtoto nilifundishwa methali mbili zinazonitosha hapa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Hata Spika akiamua kwa haki tupu, maadamu ana chama mkononi, nani upande wa pili atamwamini? Hapo ndipo hasara ilipo. Mwamuzi asiyeaminiwa huwaacha wachezaji wakitafuta haki nje ya uwanja.

Pengine msomaji atasema kuwa maradhi haya ni ya lugha: kwamba Bunge letu lingekuwa la Kiswahili kama la Tanzania, tungesalimika. Natamani ingekuwa hivyo, lakini ukweli haumhurumii mpenzi wa lugha. Bunge la Tanzania huendesha mijadala yake kwa Kiswahili, na bado kiti chake kimejua misukosuko. Samuel Sitta aliliongoza kuanzia mwaka wa 2005, akajinadi kama Spika wa kasi na viwango. Katika kipindi chake kamati ya Bunge ilichunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Ulipofika mwaka wa 2010, chama tawala kiliamua kuwateua wanawake pekee kuwania kiti hicho. Anne Makinda akawa mwanamke wa kwanza kukikalia, jambo la kujivunia. Na Sitta akawekwa kando, jambo la kujiuliza. Job Ndugai naye alijiuzulu Januari 2022 baada ya kauli zake kuhusu madeni ya taifa kuzua mtafaruku ndani ya chama. Kiswahili sanifu hakikuwakinga. Lugha peke yake si dawa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo lugha ilimpa Mtanzania na ambalo Mkenya hanalo. Mtanzania wa kijijini aliweza kulisikia Bunge likijadili suala la Richmond kwa lugha anayoifahamu na kuamua mwenyewe nani alisema kweli. Sisi je? Katiba yetu, katika kifungu cha 120, inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge. Zamani, mnamo Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge litumie Kiswahili. Marekebisho ya mwaka wa 1975 yakataka miswada ibaki kwa Kiingereza, na ya mwaka wa 1979 yakaruhusu lugha zote mbili. Mwaka wa 2019 Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zilitolewa kwa Kiswahili. Ni hatua njema. Lakini Spika anapotoa uamuzi mzito, ule wa kurasa nyingi wenye kunukuu vifungu na mifano ya mabunge ya ng'ambo, kwa kawaida huusoma kwa Kiingereza. Mwananchi hubakia na kichwa cha habari: upande huu umeshinda, upande ule umeshindwa. Kisha tunamlaumu kwa kuuliza swali moja tu, wa upande gani? Auulize upi mwingine, ikiwa hatukumpa maneno ya kuuliza?

Hapa nakiri kuwa swali la "wa wapi" si la kupuuzwa kabisa. Katika nchi ambayo maeneo fulani yamekaa nje ya ua tangu uhuru, mtu kutaka kumwona wa kwao katika kiti kikubwa si ujinga, ni kiu. Tena hatujawahi kuwa na mwanamke aliyekuwa Spika wa Bunge la Taifa wala wa Seneti, ingawa wanawake wamekuwa Manaibu Spika. Anayeuliza kwa nini ana haki ya kuuliza. Hoja yangu ni kuwa hayo yawe maswali mawili kati ya mengi. Tukishaambiwa mtu ametoka wapi, tuulize pia: amewahi kuamua dhidi ya wenzake? Yuko tayari kuiacha kadi ya chama mlangoni? Wachache wakisimama kwa hoja ya nidhamu, huwasikiliza au huwafokea? Na uamuzi wake ataueleza kwa lugha gani?

Kabla ya kumaliza, tujitazame sisi wenyewe, maana nyani haoni kundule. Chaguzi za vyama vya wanafunzi tunaziendeshaje? Nimeketi katika kikao cha kupanga safu ya viongozi wa chama cha Kiswahili, chama cha lugha inayodaiwa kuunganisha makabila, na nikasikia mwenyekiti akigawiwa eneo moja, katibu eneo jingine, mhazini eneo la tatu, kabla ya kutajwa mtu aliyewahi kuandika hata shairi moja. Nilikuwapo. Sikupinga. Nilikuwa nikihesabu kama wengine. Ikiwa sisi tunaojinasibu na lugha ya taifa tunafanya hivyo kwa cheo kisicho na mshahara, twaona ajabu gani wabunge wakifanya hivyo kwa kiti chenye gari na walinzi?

Kwa hiyo nina pendekezo, na ni dogo makusudi ili tusipate kisingizio. Kabla ya Agosti 2027 chama chetu kichague maamuzi makubwa ya Maspika wetu, matano tu kwa kuanzia: ule wa Seroney wa mwaka wa 1975, ya Marende ya mwaka wa 2009 na 2011, ya Wetang'ula ya mwaka wa 2022 na 2025. Wanafunzi wa tafsiri wayafasiri chini ya uangalizi wa walimu wao, bila kupunguza wala kuongeza. Walimu wa isimu watusaidie katika istilahi, wa fasihi watufunulie balagha zake, maana uamuzi wa Spika ni utanzu wenye ufundi wake wa kushawishi. Kisha tuyachapishe katika jarida hili, pande zote zikiwamo, msomaji ajihukumie.

Tukifanya hivyo, ramli haitakoma. Binadamu hupenda kutabiri. Lakini atakapotokea mtu kijiweni akasema, "Huyu ndiye Spika ajaye, ameahidiwa," pengine atakuwapo mwingine wa kumjibu, "Sawa, ameahidiwa. Je, sisi ametuahidi nini?" Na yule msichana wa darasa la tafsiri, ambaye sasa anakaribia kuhitimu, namwomba radhi kwa kicheko kile. Mwandike Spika, dada. Lakini usiache kuuliza ni msemaji wa nani.